Agostini, Hailwood, Rossi au Márquez: Yupi Mkubwa wa Mbio za Pikipiki?

Mabishano yalianzia kwenye stika. Kijana mmoja wa bodaboda, pale steji yetu ya Makadara, Mombasa, alikuwa amebandika namba 46 ya manjano kwenye madigadi ya Boxer yake. Muuza kahawa akamuuliza hiyo ni namba ya nini. Kijana akajibu kwamba aliikuta inauzwa, rangi ikampendeza, akanunua. Nikajitia ujuzi nikamwambia ile ni namba ya Valentino Rossi, mkubwa wa wote waliowahi kupanda pikipiki ya mbio. Laiti ningenyamaza. Mwenzake akadakia: "Na Márquez umemuweka wapi?" Ami mmoja, baharia mstaafu aliyewahi kukaa Italia, akaweka kikombe chini na kutuambia sote ni watoto wa jana, Agostini ana mataji 15 na hesabu haina ubishi. Fundi wa gereji ya jirani, ambaye muda wote huo alikuwa ameinamia kabureta, akasema neno moja bila kuinua kichwa: "Hailwood."

Magharibi ilipoadhiniwa hatukuwa tumefika popote, na kahawa za watu wanane nililipa mimi kwa kuwa ndimi niliyeanzisha.

Njiani kurudi nyumbani ndipo nilipotambua kwamba hatukuwa tukibishania jambo moja. Huyu ameshika pishi, yule kibaba, wa tatu anapima kwa kiganja, halafu kila mmoja anashangaa mbona mchele wa mwenzake haulingani na wake. Kwa hiyo nimeamua kuwapima wanaume hawa wanne kwa vipimo vilevile, kimoja baada ya kimoja, kwa faida ya yeyote aliyekwama kati yao. Mshindi sitamtangaza. Nina wangu moyoni, na pengine utamgundua kabla hujamaliza kusoma.

Tupime kwa nini?

Kipimo cha kwanza ni hesabu: mataji na ushindi. Cha pili, walishindana na nani, kwa maana kushinda peke yako uwanjani na kushinda katikati ya simba si mamoja. Cha tatu ndicho kinachogombanisha mafundi na abiria: ulikuwa mkono wa mtu au ilikuwa mashine? Cha nne ni mwili, yaani hatari aliyoikabili, mifupa aliyovunja na jinsi alivyorudi. Cha mwisho, alipotoka uwanjani aliacha nini.

Kabla ya kuanza, jambo moja kwa wasioufuatilia mchezo huu. Mashindano ya dunia yalianza mwaka 1949, na kwa miaka mingi daraja la juu lilikuwa la cc 500. Mwaka 2002 likaitwa MotoGP, na leo mashine zake ni za cc 1000. Boxer za steji ni za cc 100, 125 au 150. Pikipiki ya MotoGP imeshavuka kilomita 360 kwa saa, ambayo ni mita 100 kila sekunde. Kwa mwendo huo Daraja la Nyali ungelimaliza kabla hujafika mwisho wa bismillahi.

Hesabu

Hapa ami baharia ana haki ya kutamba. Giacomo Agostini, Mwitaliano aliyezaliwa Brescia mwaka 1942, ana mataji 15 ya dunia: manane ya cc 500 na saba ya cc 350. Ushindi wake ni 122, kati ya huo 68 ni wa cc 500. Hakuna aliyemfikia hadi leo, si kwa mataji wala kwa jumla ya mbio alizoshinda.

Rossi, naye Mwitaliano, mzaliwa wa Urbino mwaka 1979, ana mataji 9 na ushindi 115. Katika daraja la juu alishinda mbio 89, na hapo ndipo anapompita Agostini. Ana sifa nyingine asiyoshiriki na mtu: ndiye pekee aliyetwaa ubingwa wa cc 125, cc 250, cc 500 na MotoGP.

Marc Márquez, Mhispania wa Cervera aliyezaliwa 1993, naye amefikisha mataji 9, saba kati yake ya MotoGP, sawa kabisa na mataji saba ya Rossi ya daraja la juu. Msimu wa 2025 ulipokwisha alikuwa na ushindi 99, na 73 kati ya huo ni wa MotoGP. Tofauti ni kwamba yeye bado yumo kazini, kwa hiyo tarakimu zake zichukue kama bei ya samaki ya asubuhi.

Mike Hailwood, Mwingereza wa 1940, ana mataji 9 pia: manne ya cc 500, mawili ya cc 350 na matatu ya cc 250. Ushindi wake ni 76. Kwa tarakimu peke yake ndiye wa mwisho hapa, na fundi wetu analijua hilo vizuri.

Lakini tarakimu hizi hazikuvunwa shamba moja. Enzi za Agostini na Hailwood mtu angeweza kupanda cc 350 na cc 500 siku hiyohiyo, akarudi nyumbani na ushindi mara mbili. Wa leo anapanda daraja moja tu. Kwa upande wa pili, mbio zilikuwa chache: mwaka 1968 daraja la cc 500 lilikuwa na mbio 10, na Agostini akashinda zote 10. Mwaka 2025 zilikuwa 22, mbali na zile fupi za Jumamosi zilizoanza 2023, ambazo hazihesabiwi kwenye ushindi wa Grand Prix. Ukimwambia ami hayo atakujibu kwamba hata ukipunguza, 15 itabaki juu ya 9. Na kweli.

Walipambana na nani

Ulinganisho wowote wa Agostini huchacha hapa. Mwaka 1966 na 1967 alikuwa na mpinzani wa kweli, na mpinzani huyo alikuwa Hailwood juu ya Honda. Mwaka 1967 walimaliza na pointi sawa, 46 kwa 46, na kila mmoja ameshinda mbio tano. Taji likaenda kwa Agostini kwa sababu alikuwa amemaliza wa pili mara nyingi kuliko mwenzake. Hebu fikiria: mataji manane ya cc 500, na mojawapo lilining'inia kwenye uzi mwembamba kiasi hicho.

Msimu huo ulipokwisha Honda ikajitoa, na Hailwood akalipwa asipande mashine ya kampuni nyingine. Tangu 1968 Agostini akabaki na MV Agusta ya kiwanda huku wengi wa waliomfuata wakipanda pikipiki za kununua wenyewe, zilizozidiwa nguvu kwa mbali. Mwenye kumponda husema hapo alikuwa anakimbizana na kivuli chake. Mimi namtetea kidogo. Mwaka 1975, akiwa na Yamaha, alirudi na kutwaa taji la cc 500 mbele ya vijana wa kizazi kipya, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza injini ya mipigo miwili (two-stroke) kushinda ubingwa wa daraja hilo. Mtu wa kubebwa na mashine moja hafanyi hivyo akiwa na miaka 33.

Hailwood alipambana na Agostini huyohuyo, na Jim Redman, na Phil Read, na kabla yao Gary Hocking. Mbio zao za Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, mwaka 1967 bado zinazungumzwa: Agostini alikuwa anaongoza hadi mnyororo wa MV ulipokatika, Hailwood akashinda, na mzunguko wake wa wastani wa kilomita 175 kwa saa haukupitwa hadi 1975. Miaka minane nzima, kwenye barabara ya kawaida yenye kuta za mawe.

Rossi ndiye mwenye orodha ndefu. Alianza na Max Biaggi na Sete Gibernau, na akawavunja moyo wote wawili. Kisha wakaja Casey Stoner, Jorge Lorenzo na Dani Pedrosa, na mwishowe Márquez mwenyewe. Ukitaka kumuelewa Rossi mtu wa vita, tafuta Laguna Seca 2008 alipomtoa Stoner kwenye kona inayoporomoka kama ngazi, au Barcelona 2009 alipompita Lorenzo kwenye kona ya mwisho kabisa, mahali ambapo watu hawapitani. Hata hivyo wenye macho makali husema wapinzani wazito zaidi walipofika, mataji yalipungua: matano mfululizo kati ya 2001 na 2005, kisha mawili tu, 2008 na 2009. Mwaka 2006 aliteleza Valencia na kulipoteza taji kwa Nicky Hayden kwa pointi tano.

Márquez alifika 2013 akawakuta Lorenzo, Pedrosa na Rossi wote wazima, akachukua ubingwa mwaka wake wa kwanza akiwa na miaka 20. Hakuna aliyewahi kuwa bingwa wa daraja la juu akiwa mdogo kuliko yeye. Mwaka uliofuata alishinda mbio 10 za mwanzo mfululizo. Na 2025 alimshinda hata ndugu wa damu: Álex Márquez alimaliza wa pili kwenye jedwali, kaka mbele na mdogo nyuma yake.

Hapo steji hatuwezi kuupita mwaka 2015. Pale Sepang, Malaysia, Rossi na Márquez walikuwa wanagombania nafasi ya tatu, wakagusana, Márquez akaanguka. Rossi akaadhibiwa, akaanza mbio za mwisho za Valencia kutoka nyuma kabisa, akapanda hadi wa nne, na taji likaenda kwa Lorenzo kwa pointi tano. Wafuasi wa Rossi wanashikilia kwamba Márquez alimsumbua makusudi ili Lorenzo ashinde. Wafuasi wa Márquez wanashikilia kwamba Rossi alimtoa mwenzake nje kwa hasira. Ushauri wangu ni kwamba mtu akikuuliza jambo hili na jua la saa nane linawaka, mwambie una abiria anakungoja.

Mkono au mashine?

Fundi wetu huinua kichwa kwenye swali hili tu. Kwake, mpanda pikipiki asiyewahi kubadili mashine ni kama mpishi wa chungu kimoja.

Rossi ndiye aliyecheza kamari kubwa kuliko wote, na aliichezea Afrika. Mwisho wa 2003 alikuwa bingwa na Honda, mashine bora ya wakati ule, akaiacha akaenda Yamaha. Yamaha haikuwa imetwaa taji la daraja la juu tangu 1992, na msimu wote wa 2003 haikushinda hata mbio moja. Watu wakasema kijana kapotea. Mbio ya kwanza ya 2004 ilikuwa Welkom, Afrika Kusini, tarehe 18 Aprili. Rossi na Biaggi walifukuzana hadi mstari wa mwisho, Rossi akashinda, kisha kwenye mzunguko wa kurudi akaegesha pikipiki, akakaa chini kando yake akaibusu. Mwaka huo akawa bingwa, na 2005 tena. Mimi niliitazama kwenye televisheni ndogo ya mjomba wangu kule Kisauni, na ndiyo iliyonifunga kwenye mchezo huu, kwa hiyo usinitegemee sana kuwa hakimu wa haki hapa.

Lakini haki isemwe: hakwenda Yamaha peke yake. Alimchukua Jeremy Burgess, fundi mkuu aliyekuwa naye Honda, na wengi wa kundi lake. Na kamari ya pili ilimtafuna. Mwaka 2011 alihamia Ducati, na katika misimu miwili hakushinda hata mara moja, akaambulia kupanda jukwaani, yaani kumaliza kati ya watatu wa kwanza, mara tatu tu. Stoner alikuwa ameshinda na Ducati mwaka uliotangulia.

Márquez anatoa jibu la namna nyingine. Mwaka 2019 alipokuwa Honda alishinda mbio 12, na ukitoa Marekani alikoanguka, katika kila mbio alimaliza wa kwanza au wa pili. Mtu wa pili kwenye Honda kwenye jedwali la mwaka huo alikuwa Cal Crutchlow, nafasi ya tisa. Lorenzo, bingwa wa dunia mara tano, alipanda Honda hiyohiyo ya kiwanda akapata pointi 28 msimu mzima. Kwa hiyo mashine haikuwa tamu kwa kila mtu. Baadaye akaiacha Honda, mwaka 2024 akaingia timu ndogo ya Gresini akipanda Ducati ya mwaka uliopita, akashinda mbio tatu. Mwaka 2025 akapewa ya kiwanda, na mwenzake wa timu Pecco Bagnaia, bingwa wa 2022 na 2023, akamaliza wa tano huku yeye akibeba taji mbio tano kabla msimu haujaisha. Mpinzani atasema Ducati ndiyo iliyokuwa mashine bora ya miaka hiyo. Ni kweli, ila nyuma yake kulikuwa na wengi waliopanda Ducati.

Agostini, kama tulivyoona, ana MV na ana Yamaha. Mwaka 1974 alikwenda Daytona, Marekani, akiwa mgeni wa mashine na mgeni wa uwanja, akashinda mbio maarufu ya Daytona 200. Halafu kuna Hailwood. Honda ya cc 500 aliyopanda 1966 na 1967 ilikuwa na nguvu za ajabu na fremu isiyozimudu. Ilikuwa ikiyumba kama mtumbwi kwenye mkondo wa Kilindini. Alishinda nayo hivyohivyo. Yapo mambo fundi anayaona kwa jicho ambalo mimi sina, na anasema kuidhibiti mashine mbovu ndiyo shahada ya mwisho.

Hatari, kuumia, kurudi

Jambo moja lisisahauliwe. Agostini na Hailwood walikimbia wakati ambapo kosa dogo lilimaanisha ukuta, mti au nguzo ya taa. Isle of Man ni mzunguko wa zaidi ya kilomita 60 kwenye barabara za umma, kati ya nyumba za watu. Mwaka 1972 Gilberto Parlotti, rafiki wa Agostini, alifia pale mvua ikinyesha, na Agostini akaapa hatarudi. Hakurudi. Mwaka 1973 Jarno Saarinen na Renzo Pasolini walikufa pamoja Monza. Baada ya 1976 Isle of Man ikaondolewa kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia. Kwa kuwa Agostini alikuwa nyota kuliko wote na alishinda pale mara 10, kususia kwake kulikuwa na uzito. Wapo wanaomwita mwoga kwa hilo. Mimi naona ni mwenye taji peke yake anayeweza kusema hapana akasikilizwa.

Hailwood aliacha pikipiki akaingia kwenye magari ya Formula 1. Mwaka 1973 Kyalami, Afrika Kusini, gari lake na la Clay Regazzoni yaligongana na la Regazzoni likawaka moto. Hailwood akaingia motoni kumtoa mwenzake, nguo zake zikashika moto, akazimwa, akarudi tena hadi akamtoa. Akapewa nishani ya George, ya ushujaa. Mwaka 1974 ajali ya gari pale Nürburgring ikamharibu mguu na kummalizia safari ya Formula 1. Na hapo ndipo hadithi ilipotakiwa kuisha. Mwaka 1978, akiwa na miaka 38, anachechemea, hajakimbia Isle of Man kwa miaka 11, alirudi na Ducati akashinda mbio ambayo Phil Read naye alikuwamo. Mwaka uliofuata akashinda tena na Suzuki. Alifariki Machi 1981, kwa ajali ya gari barabarani, pamoja na binti yake mdogo.

Rossi alivunjika mguu Mugello 2010, akakosa mbio nne, akarudi Ujerumani akamaliza wa nne. Kwa viwango vya wenzake wa hapa ni bahati njema, na nadhani ni akili pia: mtu aliyekimbia hadi 2021, akiwa na miaka 42, alijua wapi pa kuanguka na wapi pa kuacha.

Márquez hakujua kuacha. Julai 2020, Jerez, alivunjika mfupa wa juu wa mkono wa kulia. Ndani ya wiki moja alijaribu kupanda tena. Chuma alichowekewa kikavunjika, msimu ukaisha, na jumla mkono ule ukafanyiwa upasuaji mara nne. Juu yake yakaja macho kuona vitu viwili viwili. Kati ya taji la 2019 na la 2025, alilolitwaa Motegi, Japani, tarehe 28 Septemba, imepita miaka sita ambayo wengi tulishamzika. Wiki iliyofuata, Indonesia, akagongwa kwa nyuma akaumia bega, akamaliza mwaka nyumbani.

Kilichobaki nyuma yao

Hapa sitakaa sana. Rossi ameacha shule: vijana aliowalea kule Tavullia, pamoja na huyo Bagnaia bingwa mara mbili. Ameacha pia ile manjano, ambayo imefika hadi kwenye madigadi ya mtu asiyemjua. Agostini aligeuka meneja, na timu yake ya Yamaha ikamwezesha Eddie Lawson kutwaa mataji 1984, 1986 na 1988. Márquez ameacha mtindo: kiwiko na bega vinagusa lami, na sasa watoto wote wanakata kona hivyo. Hailwood ameacha heshima.

Waliobaki mlangoni

Nimewaacha nje watu ambao wengine wangewaweka ndani. Mick Doohan wa Australia, mataji matano ya cc 500 mfululizo 1994 hadi 1998, baada ya mguu wake kukaribia kukatwa mwaka 1992. Daktari Claudio Costa alimshona miguu yote miwili pamoja ili mzima umlishe damu mgonjwa. Aliporudi mguu wa kulia haukuweza tena kukanyaga breki, akawekewa breki ya kidole gumba. Ningekuwa na nafasi ya mtu wa tano angekuwa yeye. Ángel Nieto wa Uhispania ana mataji 13, lakini yote ya pikipiki ndogo za cc 50 na 125. Mwenyewe alikuwa akisema 12 na 1, akiikimbia nuksi ya kumi na tatu.

Na sisi Waafrika? Redman na Hocking walikuwa Warhodesia, ingawa wote walizaliwa Uingereza. Redman alitwaa mataji sita, Hocking mawili mwaka 1961. Brad Binder wa Afrika Kusini akawa bingwa wa Moto3, daraja dogo, mwaka 2016. Pwani yetu bado haijatoa mtu, japo ukiwatazama wanavyopenya kwenye foleni ya Likoni feri inapofungua mlango, kipaji kipo.

Sasa umchague nani?

Ikiwa unabishana na mtu anayependa kumaliza maneno haraka, na hutaki kuelezea, mshike Agostini. Kumi na tano, mia moja ishirini na mbili, kwaheri. Anamfaa pia anayeamini kwamba aliyepewa mashine bora na akakosa kuiharibu, mwaka baada ya mwaka, amefanya kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Ila jiandae kujibu swali la 1968.

Ukiwa ndiyo kwanza unaanza kutazama, na unataka mtu wa kukufungulia mlango, mtafute Rossi. Anza na Welkom 2004, kisha Laguna Seca 2008. Anamfaa mwenye kupenda mchezo uwe na kicheko, maneno na uhasama mtamu. Usimchague kama huwezi kumeza Ducati.

Mwenye kijana kitandani Makadara, hospitali kuu ya kaunti, mguu kwenye plasta na pikipiki kwa fundi, amsimulie habari za Márquez, lakini amsimulie yote, pamoja na kosa la kurudi mapema. Anamfaa pia asiyejali adabu za barabarani sana na anayetaka kuona kitu ambacho mwili wa binadamu haukukusudiwa kufanya. Na ndiye wa kumtazama moja kwa moja: mbio nyingi za Ulaya huanza saa tisa alasiri kwa saa zetu, kwa hiyo mizunguko ya mwisho hugongana na adhana ya alasiri, jambo ambalo limetugawa pale steji kuliko Sepang.

Hailwood ni wa fundi, na wa mtu anayeuliza kwanza huyo bwana alikuwaje nje ya pikipiki. Hesabu zake hazitakusaidia kwenye baraza lenye kelele. Mchague ukiwa na mtu mmoja, kahawa ipo, na hakuna anayeharakishwa.

Kijana wa stika nilimpitishia hadithi hizi zote, kwa mapande, siku kadhaa. Hakuing'oa 46. Jana nimemuona Mwembe Tayari amebeba abiria wawili na gunia la viazi, na kando ya 46 ameongeza 93 nyekundu ya Márquez. Watu wawili wasiopikika chungu kimoja tangu 2015, sasa wanakaa madigadi moja na kurushiwa tope pamoja kila siku hadi Feri.